Maporomoko ya Harajiri: Ukuta wa Maji Katikati ya Mashamba ya Mpunga

Maporomoko mengi ya maji hupatikana mahali pasipofikika kwa urahisi. Sababu yake si vigumu kuielewa: maji huporomoka penye mteremko mkali, na miteremko mikali kwa kawaida huwa milimani, ndani ya mabonde membamba yenye misitu. Atakaye kuyaona hana budi kupanda na kushuka. Maporomoko ya Harajiri, katika mkoa wa Oita kwenye kisiwa cha Kyushu kusini-magharibi mwa Japani, hayafuati desturi hiyo. Hapa mto Ogata hutiririka polepole katika uwanda uliolimwa mpunga, huku nyumba za wakulima zikiwa kando yake. Kisha, bila dalili yoyote ya mlima, ardhi hukatika ghafla, na mto mzima huanguka kiasi cha mita 20 kwa upana wa mita 120.

Kufika hapo hakuhitaji kamba wala viatu vya mpanda milima. Reli ya Hohi, iunganishayo miji ya Oita na Kumamoto, husimama katika kituo cha Ogata, na kutoka kituoni mtu huweza kwenda kwa miguu kwa muda wa nusu saa hivi. Wasafiri wa magari huegesha kando ya barabara, hatua chache tu kutoka ukingoni. Hakuna kiingilio. Mgeni huweza kuyatazama maji kutoka juu, akisimama karibu na mwamba yanapoanzia kuanguka. Huweza pia kuvuka daraja la kuning'inia lililo mbele ya maporomoko na kuyaona yote kwa mara moja. Tena kuna njia ya kuteremkia chini, kwenye mawe makubwa yaliyotapakaa mtoni. Kwa umbo lake la upinde na upana wake, wenyeji wameyapa jina la "Niagara ya Mashariki", na mwaka 1990 yalitiwa katika orodha ya maporomoko 100 mashuhuri ya Japani.

Juu kidogo ya ukingo, mtoni penyewe, limesimama torii, yaani lango la hekalu la dini ya Kishinto. Kila mwaka, mwishoni mwa majira ya kupukutika majani, vijana hubeba machela takatifu mabegani na kuvuka nayo maji hayo ya baridi usiku kwa mwanga wa mienge. Jambo hili lisingewezekana katika mto mwingine. Kwa kawaida mto ukaribiapo maporomoko huingia katika mfereji mwembamba wenye maji ya kasi. Huko Harajiri, maji hutandaa kwa kina kidogo juu ya sakafu ya mwamba iliyo karibu sawasawa kama meza. Swali la kwanza la mwanasayansi, basi, si kwa nini maji yaanguka. Ni nani aliyeiandaa meza hiyo?

MWAMBA ULIOZALIWA NA MOTO

Jibu liko kiasi cha kilomita 35 upande wa magharibi, katika volkeno ya Aso. Msomaji aijuaye Ngorongoro ataielewa Aso mara moja, kwa kuwa zote mbili ni kaldera, yaani bonde kubwa la mviringo litokealo baada ya volkeno kutapika vitu vilivyokuwa tumboni mwake na paa lake kudidimia. Kaldera ya Aso ina urefu wa kilomita 25 hivi toka kaskazini hadi kusini, na upana wa kilomita 18. Ndani yake mna miji, mashamba na reli ile ile ya Hohi, na katikati yake mna kasoko ambayo hadi leo hutoa moshi.

Kaldera hiyo ilijengwa na milipuko mikubwa minne. Wa mwisho na mkubwa kuliko yote ulitokea takriban miaka 90,000 iliyopita. Katika mlipuko huo hazikutoka zaha za kutambaa polepole kama uji. Yalitoka mawingu mazito ya majivu, gesi na vipande vya mawe mepesi yenye matundu, ambayo kwa uzito wake yaliteremka ardhini na kukimbia pande zote kwa kasi kubwa, yakiwa na joto la mamia ya digrii. Mabaki yake yameonekana umbali wa zaidi ya kilomita 150, hata ng'ambo ya bahari katika kisiwa cha Honshu. Wataalamu wakadiria kwamba vitu vilivyotapikwa vilizidi kilomita za ujazo 600.

Mtiririko wa namna hii una tabia moja iliyo muhimu kwa habari yetu. Kama maji ya mafuriko, hujaza kwanza mahali palipo chini. Mabonde ya kale yalifukiwa, na juu yake ukabaki uwanda ulio sawa. Majivu yaliyorundikana kwa unene mkubwa yalikuwa bado na joto jingi, hata chembe zake za kioo zikalainika, zikabanwa na uzito wa yale yaliyokuwa juu, zikashikana. Hivyo ukapatikana mwamba mmoja mgumu uitwao tufu iliyoungana. Mwamba huu ndio meza ya Harajiri.

Ugumu wake, hata hivyo, si wa kupindukia. Patasi ya mchongaji huuweza. Katika mji wa Usuki, mkoani humo humo, watu wa kale walichonga katika mwamba huu sanamu za Buddha zilizo maarufu sana, ambazo mwaka 1995 serikali ya Japani ilizitangaza kuwa hazina ya taifa. Jiwe hilo hilo limejenga pia madaraja mengi ya matao katika wilaya hizo.

NGUZO NA NYUFA

Kitu chenye moto kikipoa, husinyaa. Tabaka la mwamba lililotandaa kwa kilomita nyingi haliwezi kusinyaa kwa kuvuta kingo zake ndani, lazima lipasuke. Nyufa huanza penye uso unaopoa kwanza, nazo huzidi kupenya ndani kadiri baridi inavyopenya. Zinapokutana hugawanya mwamba katika nguzo zilizosimama wima, nyingi zikiwa na pembe tano au sita. Ukuta wa Harajiri umejengwa kwa nguzo kama hizo, zimepangwa bega kwa bega.

Hapo ndipo siri ya umbo la maporomoko inapofunuka. Maji yaangukayo huchimba mguu wa ukuta, na maji yapitayo juu huingia katika nyufa. Nguzo ikipoteza mguu haimomonyoki taratibu kama kilima cha udongo, bali huchomoka kipande kizima na kuanguka. Kwa sababu ufa ulio nyuma yake umesimama wima, ukuta mpya unaojitokeza nao huwa wima. Kwa hiyo ukuta hausagiki ukawa mteremko. Hubaki ukuta, ila umerudi nyuma hatua moja. Mawe makubwa ambayo mgeni huyakanyaga chini ya maporomoko ni nguzo za jana.

Hivyo maporomoko ya maji husafiri. Husafiri kuelekea kule mto utokako, kinyume cha maji yake yenyewe. Mahali ambapo nguzo huanguka upesi zaidi hurudi nyuma kuliko pengine, na ndiyo sababu ukingo ukapata umbo la upinde. Niagara yenyewe, iliyoko baina ya Marekani na Kanada, imerudi nyuma kiasi cha kilomita 11 katika muda wa miaka 12,000 hivi, ingawa mwamba wake ni wa aina nyingine kabisa.

NGUVU YA ANGUKO

Mwanafunzi wa fizikia anaweza kupima nguvu inayofanya kazi hiyo bila kuondoka darasani. Tukiacha upinzani wa hewa, maji yaangukayo mita 20 hutumia sekunde 2 hivi kufika chini, nayo hufika na kasi ya karibu mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 70 kwa saa. Kila meta ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Ikiwa meta moja ya ujazo itaanguka kila sekunde, kazi ifanyikayo ni sawa na kilowati 196.

Nguvu hiyo yote huenda wapi? Sehemu ndogo hutoa ule mngurumo usikikao mbali, na sehemu nyingine huchimba mwamba. Iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa mno, hugeuka joto. Hata hivyo, kwa kuwa maji yahitaji joto jingi ili yapate moto, anguko la mita 20 haliwezi kuyaongezea joto zaidi ya sehemu tano katika mia za digrii moja. Mtu atiaye mkono chini ya Harajiri hatahisi tofauti yoyote.

KUYASHIKA AU KUYAACHA

Nguvu ipoteayo hivyo imewavutia wahandisi tangu umeme ulipoanza kutumika. Mfano mzuri uko karibu na Harajiri, katika mji huo huo wa Bungo-Ono. Hayo ni maporomoko ya Chinda katika mto Ono, ambayo nayo yana upana wa karibu mita 100 na huanguka juu ya mwamba uliotoka Aso. Mwaka 1476 mtawa na mchoraji mkubwa Sesshu alifika hapo akayachora. Picha yake ya asili iliteketea katika tetemeko kuu la ardhi la mwaka 1923, lakini nakala iliyofanywa na mchoraji Kano Tsunenobu imesalia.

Mwaka 1909 kituo cha umeme kilijengwa Chinda, na kuta zake za mawe zasimama hadi leo ingawa mitambo ilikwisha ondolewa. Ili maji yaingie katika mitambo, ukuta wa kuyazuia ulijengwa juu ya maporomoko. Lakini maporomoko, kama tulivyoona, husafiri. Kila nguzo iangukayo huyakaribisha kwenye ukuta huo, na siku yakiufikia yangeuvunja. Kwa hiyo ilibidi mwamba wenyewe uimarishwe kwa saruji ili usirudi nyuma tena. Chinda yaliyokuwa yakitembea kwa maelfu ya miaka yamefungwa kizuizini.

Harajiri hayakufungwa. Hapo nguzo zaendelea kuanguka kwa wakati wake, na ukingo wabadilika. Watu wa Bungo-Ono, ambao nchi yao ilitambuliwa kuwa hifadhi ya jiolojia ya Japani mwaka 2013, wanayo basi katika mji mmoja mifano miwili ya kuwaonyesha wageni: maporomoko yaliyozuiwa, na maporomoko yaliyoachwa.

Si rahisi kusema ni njia ipi iliyo bora. Marekani ililikabili swali hilo hilo mwaka 1969, ilipokausha kwa miezi kadhaa upande wake wa Niagara ili wataalamu wachunguze rundo la mawe yaliyoanguka. Wengi walitaka mawe yaondolewe na ukuta ufungwe ili maporomoko yabaki kama yalivyozoeleka. Mwishowe iliamuliwa mawe yaachwe mahali pake. Anayeyafunga maporomoko huhifadhi sura yake, lakini huikatisha kazi iliyoifanya sura hiyo. Anayeyaacha huhifadhi kazi, lakini hana budi kukubali kwamba wajukuu wake watayaona yakiwa na sura nyingine. Umeme wa Chinda ulikuwa na faida kwa watu, na hasara yake nayo ilikuwa ya kweli. Lililo muhimu ni kwamba aamuaye ajue kwanza mwamba wake umeundwaje na waenda wapi.

KWA DARASA

Nguzo za Harajiri zaweza kuigizwa shuleni. Changanya wanga wa mahindi na maji kwa uzito ulio sawa, mimina katika bakuli la kioo kwa kina cha sentimita tatu au nne, kisha acha likauke mahali pakavu, au chini ya taa ya umeme, kwa siku kadhaa bila kuguswa. Wanga ukaukao husinyaa kama mwamba upoao. Ukisha kauka kabisa, vunja kipande kwa uangalifu na ukitazame ubavuni: nguzo nyembamba zenye pembe zitaonekana. Wanafunzi wajibu maswali haya:

1. Nyufa zilianza upande gani wa bakuli, na kwa nini?

2. Ukikausha bakuli jingine kwa haraka zaidi, nguzo zitakuwa nene zaidi au nyembamba zaidi? Jaribu, kisha linganisha.

3. Chagua kijito kilicho karibu na shule chenye anguko, hata la nusu mita tu. Piga alama kwenye ukingo wake, na upime umbali baada ya kila msimu wa mvua. Je, anguko hilo limesimama, au nalo lasafiri?