Dakika 240 za Kugawana: Namna ya Kusoma Kikosi Kinachosukwa Upya

Tarehe 2 Desemba 2021, Oklahoma City Thunder walifungwa na Memphis Grizzlies 152 kwa 79. Tofauti ya pointi 73 iliweka rekodi ya kipigo kikubwa kuliko vyote katika historia ya NBA. Shai Gilgeous-Alexander na Josh Giddey hawakucheza usiku ule, na walioingia uwanjani wengi wao walikuwa vijana ambao hata shabiki mzuri wa kikapu asingewataja kwa majina. Msimu ulipokwisha Thunder walikuwa wameshinda michezo 24 na kupoteza 58.

Msimamo wa ligi ulisema hiyo ni timu mbovu, na kwa msimu ule ulisema kweli. Lakini kikosi kinachosukwa upya hakisomeki vizuri kwa msimamo. Kitazame kwa dakika.

Mchezo wa NBA una dakika 48 na kila timu huweka watu watano uwanjani, kwa hiyo kocha ana dakika 240 za kugawa kila usiku. Anayewania ubingwa huwapa watu wanane au tisa anaowaamini, na waliobaki katika kikosi cha wachezaji 15 hukaa benchi. Hana nafasi ya kufundisha mtu katikati ya mchezo. Timu inayoanza upya ndiyo inayoweza kumpa kijana wa miaka 19 dakika 30, ikamwacha akosee hadharani, na mchezo unaofuata ikampanga tena.

Mtanzania aliyefuatilia safari ya Hasheem Thabeet anaielewa thamani ya dakika hizo. Mwaka 2009 Memphis walimchagua wa pili katika drafti, zoezi la kila mwaka ambalo timu hupokezana kuchagua chipukizi. Alikuwa ameanza kucheza kikapu akiwa kijana mkubwa, kule Dar es Salaam, na alihitaji muda kuliko wenzake. Lakini mbele yake katika nafasi ya senta alikuwapo Marc Gasol. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha akapelekwa ligi ya chini, kisha akauzwa Houston, akapita Portland, na misimu yake miwili ya mwisho NBA akaichezea Oklahoma City hiyohiyo, kati ya 2012 na 2014, ilipokuwa timu inayowania ubingwa isiyo na dakika za kumpa. Sidai kwamba angekuwa nyota. Nasema hatukupata kuliona jibu.

Thunder wa 2021 walikuwa nazo dakika hizo kwa sababu walikuwa wameuza karibu kila mkongwe. Meneja mkuu Sam Presti alimpeleka Paul George kwa Clippers mwaka 2019, akapokea Gilgeous-Alexander pamoja na haki tano za kuchagua katika raundi ya kwanza za miaka ya mbele. Uzi wa biashara hiyo unarudi nyuma hadi kwa mzaliwa wa Brazzaville, Serge Ibaka. Mwaka 2016 Ibaka alitolewa kwa Orlando, wakaja Victor Oladipo na Domantas Sabonis. Hao wawili wakabadilishwa na George mwaka uliofuata. Na mojawapo ya haki zilizotoka Clippers ndiyo iliyomleta Jalen Williams mwaka 2022.

Kwa hiyo ukikitazama kikosi kama kile, jiulize kila mtu yupo kwa kazi gani. Wengine wapo kwa ajili ya mishahara yao. Timu isiyolipa nyota wengi ina nafasi chini ya kikomo cha mishahara, hivyo hupokea mikataba mizito ya wenzake na kudai chipukizi kama malipo. Juni 2021 Boston waliwapa Thunder Kemba Walker pamoja na chaguo la 16 ili wampate Al Horford. Walker hakuvaa jezi ya Thunder hata mara moja, mkataba wake ukavunjwa kwa makubaliano, na lile chaguo la 16 likauzwa Houston kwa haki nyingine mbili za raundi ya kwanza. Derrick Favors na Mike Muscala, wote wenye miaka 30, ndio waliobaki kuwa wazee wa chumba cha kubadilishia nguo.

Wengine wote walikuwa kwenye mtihani, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kusuka upya ni kupoteza kwa makusudi ili kupata chaguo la juu. Chaguo la juu ni bahati nasibu kwelikweli: wakati ule timu tatu za mkiani zilipewa asilimia 14 tu kila moja ya kuchagua wa kwanza. Mwaka 2021 Thunder waliangukia nafasi ya sita, wakamchukua Giddey.

Mtazame badala yake Luguentz Dort. Hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 2019, akaingia kwa mkataba wa pande mbili, ule unaomgawa mchezaji kati ya NBA na ligi ya chini. Alikuwa mkabaji hodari mwenye mkono mzito: msimu wa kwanza mitupo yake ya pointi tatu iliingia chini ya asilimia 30. Katika timu ya ubingwa angeambiwa akabe na asirushe. Oklahoma City walimwacha arushe. Msimu ule wa vipigo 58 alipata wastani wa pointi 17 kwa mchezo, na mitupo ya mbali ikafika asilimia 33. Ilipofika 2024-25 ilikuwa imevuka 41. Aaron Wiggins, chaguo la 55, alipita njia hiyohiyo ya pande mbili akapewa mkataba kamili Machi 2022.

Gharama ya kusuka upya lazima isemwe. Shabiki wa Oklahoma City alilipa kiingilio kuangalia timu ikifungwa, na kijana anayefungwa kila siku anaweza kuzoea. Ndiyo maana namsifu kocha Mark Daigneault, aliyewahi kufundisha timu yao ya ligi ya chini: aliendelea kudai ukabaji kwa timu iliyokuwa haina chochote cha kuwania.

Wapo waliopewa dakika zikawakataa. Aleksej Pokusevski wa Serbia, mrefu kama nguzo na mwenye pasi za kupendeza, alichezeshwa sana na akaachwa Februari 2024. Mwezi huohuo Tre Mann akaenda Charlotte. Thunder walipotwaa ubingwa Juni 2025, wachezaji wa msimu wa 24-58 waliokuwamo walikuwa wanne tu: Gilgeous-Alexander, Dort, Wiggins na Kenrich Williams.

Giddey hakuwamo. Aliondoka Juni 2024 kwenda Chicago, kwa sababu alihitaji mpira mkononi na mpira sasa ulikuwa na wenyewe. Aliyekuja badala yake ni Alex Caruso, mwenye miaka 30, anayeishi kwa kukaba. Mei 2025, katika mchezo wa saba dhidi ya Denver, huyo ndiye aliyetumwa kumkaba Nikola Jokić, mtu anayemzidi urefu na uzito kwa mbali, na Thunder wakapita.