Jumba la Tippu Tip na Nasaba Iliyolijenga

Kiswahili tunachokisema Kalundu hakikuzaliwa kando ya ziwa. Kililetwa na misafara iliyotoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, kisha ikavuka kwa mitumbwi. Burton na Speke walipofika Uvira mwezi wa Aprili 1858, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuizoea njia hiyo. Anayetaka kuifuata hadi chanzo chake atafika Shangani, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, mbele ya jumba lenye mlango wa nakshi lililokuwa la Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi nasaba ilivyolijenga jumba hilo, na kwa nini habari zake zinatuhusu sisi wa ng'ambo hii.

Wazee wa ukoo wa Murjebi walitoka Omani. Hata hivyo, nguvu ya ukoo huo barani haikutokana na damu ya Omani peke yake. Muhammed bin Juma, baba yake Hamed, alifanya maskani Tabora na kumwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Ndoa hiyo ilimpa ukwe na watawala wa nchi, na ukwe ulifungua njia ambayo bunduki peke yake isingeifungua. Hamed, aliyezaliwa Unguja karibu mwaka 1837, alijifunza biashara akiwa kijana katika misafara ya baba yake.

Somo hilo alilitumia Kongo. Katika habari za maisha yake, alizoziandika mwenyewe kwa Kiswahili na zikachapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20 kwa juhudi za Heinrich Brode, anasimulia alivyofika kwa Kasongo Rushie, mtawala mzee wa Utetela. Alikuwa amesikia kwamba zamani dada za mtawala huyo walichukuliwa mateka. Basi akadai kuwa yeye ni mjukuu wa mmoja wao. Mzee akasadiki, akamkabidhi utawala. Msomaji aangalie jambo hili kwa makini: nasaba hapa haikuwa kumbukumbu tu, bali hati ya kumiliki nchi, na hati yenyewe iliandikwa juu ya msiba wa mwanamke aliyetekwa.

Mwaka 1887 Hamed alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, kwa niaba ya Leopold wa Pili. Baada ya miaka michache alirudi Unguja, asionekane tena Kongo. Mwanawe Sefu aliuawa mwaka 1893 katika vita dhidi ya majeshi ya Leopold. Mshirika wake Muhammad bin Khalfan el Barwani, aliyeitwa Rumaliza, ambaye nguvu zake zilienea kutoka Ujiji hadi pwani yetu ya Uvira, alishindwa mwaka 1894. Hamed mwenyewe alifariki Unguja mwaka 1905.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Ni jambo jema kuhifadhi mawe na nakshi. Lakini jumba lililopewa jina la mtu mmoja huwaficha wengi: Karunde, ambaye ukwe wake ulikuwa mtaji, mateka yule wa Utetela, wapagazi na watumwa waliobeba pembe mabegani hadi pwani. Mali iliyomtajirisha mwenye jumba ilipita juu ya migongo yao.

Kwetu urithi wa misafara hiyo haukai katika mawe, bali katika vinywa. Lugha iliyotumiwa kumwamuru mpagazi ndiyo ambayo leo mama wa Kalundu anambembelezea mtoto wake. Si haki kuisifu lugha hiyo na kuinyamazia njia iliyoileta. Kwa hiyo nawahimiza wanafunzi wetu wanaokusanya masimulizi ya wazee wasiishie kuuliza, "Babu yako alikuwa nani?" Waulize pia, "Bibi yako alitoka wapi, na alifikaje hapa?" Huenda jibu la swali la pili likatufunulia mengi kuliko mlango wa Shangani.