Wageni wa kando ya ziwa hawakuja kupumzika

Kuanzia mwezi wa nane, kando ya ziwa hapa kwetu Kalemie, na pale Lukuga inapotokea ziwani, tunaona ndege mudogo mwenyi mgongo wa kahawia na tumbo nyeupe. Anatembea juu ya mawe na kuchezesha mkia juu na chini bila kuchoka. Wafaransa wanamuita chevalier guignette. Uzito wake ni gramu 50 hivi. Alizaliwa kando ya mito ya Ulaya ao Asia. Mwenzake bécasseau minute, wa gramu 25 tu, anatoka mbali zaidi: kaskazini kabisa, toka Norwe mpaka Siberia.

Wengi wetu tunasema wanakimbia baridi na kuja kupumzika. Baridi ni kweli: kule udongo unaganda na wadudu wanapotea. Lakini kupumzika, hapana. Hapa wako na kazi mbili.

Ya kwanza ni kubadilisha manyoya ya mabawa, juu yale ya safari yamechakaa. Wanayaangusha pole pole, moja kisha ingine, ili wasikose kuruka. Kazi hiyo inakamata miezi, na inaomba chakula mingi: wadudu, minyoo, konokono wadogo.

Ya pili ni kujaza mafuta mwilini mbele ya kurudi, mwezi wa tatu na wa ine. Gramu moja ya mafuta inatoa nguvu kupita mara mbili ya gramu moja ya sukari. Ndiyo esansi yao ya kuvuka Sahara. Asiyejaza vizuri anaweza kuishia njiani.

Sasa, kila mara mtoto anapomtupia jiwe ao mbwa anapomfukuza, ndege anaacha kula na anachoma mafuta aliyoweka. Na pale tunapomwaga takataka na mazutu, wadudu wanakufa.

Siye watu wa sendika tunajua hii: mwenyi kutoka mbali kwa kazi ya musimu anahitaji kula na kuachwa afanye kazi yake. Mwaka 2024, ziwa lilipopanda mpaka ndani ya manyumba, wengi wetu tulijua kukosa pa kukaa ni nini. Basi tuwaachie ule ukanda wa matope na muchanga. Haituombi hata franka moja.