Siku Mbili Momella, kwa Miguu na kwa Mtumbwi

Sisi akina mama wa Elerai tunauona Mlima Meru kila asubuhi tunapoanika nguo. Tunauona, basi. Wengi wetu tumezaa na kulea chini ya mlima huu bila kukanyaga Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ingawa imekuwapo tangu mwaka 1960. Mume wa mmoja wetu alipoombwa mchango wa safari alicheka akasema, "Hayo si mambo ya Wazungu?" Lakini alitoa. Kikundi chetu cha kanisani kilichanga kidogo kidogo kwa miezi minane. Ijumaa ya Nane Nane, mwaka 2025, tulipanda Kosta mama tisa, watoto saba, na sufuria zetu.

Siku ya kwanza: kwa miguu

Tulikata kona Usa River tukaingia kwa lango la Ngongongare. Muda si mrefu tulikuwa kwenye uwanda wanaouita Serengeti Ndogo, twiga na pundamilia wakila majani kana kwamba hatupo. Katika msitu wa Ngurdoto watoto waliwaona mbega, wale weusi wenye mashuke meupe mabegani, wakiruka kutoka mti hadi mti. Kreta ya Ngurdoto hairuhusiwi kushukwa. Tulisimama ukingoni, na nyati kule chini walionekana kama punje za maharage meusi.

Alasiri tulitembea kutoka lango la Momella kwenda maporomoko ya Tululusia. Hakuna anayetembea humo bila askari mwenye bunduki. Wetu alitupanga mstari mmoja, watoto katikati, akatuambia, "Msipige kelele, wala msikimbie."

Haukupita muda tukakuta kundi la nyati nyikani. Mmoja aliinua kichwa akatutazama. Mtoto aliyekuwa mgongoni akanong'ona, "Mama, anatuangalia." Tukasimama. Tuliosali kwa sauti kila Jumatano, siku hiyo tulisali bila kufungua kinywa. Nyati akarudi kwenye majani yake, nasi tukazunguka kwa mbali hadi kwenye maporomoko.

Usiku tulilala kwenye mahema katika kambi ya hifadhi. Agosti baridi ya Meru haina mchezo, tukabanana na watoto kama vifaranga.

Siku ya pili: kwa mtumbwi

Hakuna hata mmoja wetu ajuaye kuogelea. Katika ziwa la Momella Ndogo tulivalishwa jaketi za kuokolea maisha, tukaonyeshwa namna ya kushika kasia. Watoto wadogo tuliwaacha ufukoni na mama wawili.

Mwongozaji alitufundisha juu ya kiboko. Akiwa majini, kaa naye mbali, maana mtumbwi anaweza kuupindua. Akiwa nchi kavu, usisimame kamwe kati yake na maji, kwa sababu hayo ndiyo kimbilio lake. Tuliona masikio na pua tu, tukapiga makasia kwa adabu upande mwingine. Minandi walikuwa wakikausha mabawa, na vibisi walizama mbele yetu wakaibukia nyuma.

Baadaye tulikwenda Momella Kubwa kuwaona heroe, ambao wengi wetu tunawaita flamingo. Mwongozaji alieleza kwamba zamani za kale upande wa mashariki wa Meru uliporomoka, na maji yakajikusanya katika mabonde kati ya vilima vya kifusi kile. Maji hayo ni ya magadi, na ndani yake huota mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo ndiyo chakula cha heroe wadogo. Hawa huzaliana Ziwa Natron.

Maji yaleyale

Miongoni mwetu kulikuwa na binti wa miaka kumi na mmoja ambaye huziba mdomo anapocheka, kwa sababu meno yake ni ya kahawia. Mwongozaji alipotabasamu, binti alishangaa. Meno yake yalikuwa yaleyale.

"Nimekulia hapa chini," mwongozaji akasema. "Maji ndiyo yaliyonipaka rangi."

Mama yake binti alinyamaza. Miaka yote amekuwa akimgombeza mtoto kwamba ni mvivu wa mswaki. Pale pale ufukoni alimwomba radhi. Nasi wauguzi wawili tuliona haya, maana tumeimba na mama huyu kwaya moja tusimweleze.

Mpendwa msomaji, miamba ya Meru hutoa madini ya floraidi. Katika baadhi ya maziwa ya Momella yamepimwa mamia ya miligramu kwa lita, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5. Visima na chemchemi nyingi za Arusha na Meru huzidi kiwango hicho. Basi tukumbuke haya:

Meno huharibika yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi, hasa kabla ya miaka minane. Rangi hiyo haitoki kwa mswaki, wala si uchafu. Daktari wa meno anaweza kusaidia kuifunika.

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi.

Maji ya mvua hayana shida hiyo. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga. Yachemshe, uwawekee watoto ya kunywa na ya uji.

Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo yana floraidi. Loweka usiku kucha badala yake.

Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno. Mnyonyeshe mtoto.

Iulize mamlaka ya maji kiwango cha floraidi katika bomba au kisima chako.

Ukitaka kwenda

Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo sana kuliko wageni, na watoto hulipa pungufu. Askari na mtumbwi hulipiwa kando, hivyo uliza kabla ya kuchanga. Chukua kofia, sweta na maji ya kunywa kutoka nyumbani. Mwenye ujauzito au shinikizo la damu amwone mtaalamu wa afya kwanza.

Jumapili tulikuwa kanisani, mikono ikiuma kwa makasia. Wiki iliyofuata mama yule alinunua pipa, akaliweka chini ya bati lake, akisubiri vuli.