Programu Zinapopikwa Jela!

Wiki hii tuwaache kidogo wanaogombania wapenzi, tuzungumze kompyuta. Usikunje uso! Huku nako kuna kasheshe zake.

Upo mfumo endeshi uitwao FreeBSD, ulioanza mwaka 1993. Unatolewa bure kabisa. Mwaka 1994, Jordan Hubbard akauanzishia utaratibu wa poti. Poti yenyewe si programu, ni kama karatasi ya mapishi: inaeleza maandishi ya programu yachukuliwe wapi, yarekebishwe vipi na yanahitaji programu gani nyingine. Leo mapishi hayo yamepita 30,000!

Sasa nani atapika nyumbani kwake? Programu moja kubwa inaweza kukuchukua saa kadhaa. Ndiyo maana mradi huo una mashine zake za kupikia, wewe unajipakulia kifurushi kilichokwisha kuiva. Wengi wanaolisimamia jiko hilo ni watu wa kujitolea.

Kazi yao si lelemama. Poti moja ikiharibika, zote zinazoitegemea zinakwama. Mama lishe akikosa unga, maharage atamuuzia nani? Kwa hiyo kabla ya badiliko kubwa hupika kila kitu kwa majaribio, wakaona vilivyoungua, wakatengeneza, ndipo wakapakua.

Zana wanayotumia inaitwa Poudriere, kazi ya Mfaransa Baptiste Daroussin. Kwa Kifaransa neno hilo ni ghala la baruti. Kila poti inafungiwa ndani ya jela yake, safi na tupu, na kupewa viungo vilivyoandikwa kwenye karatasi yake tu. Mwandishi akisahau chumvi, anaumbuka hapo hapo. Hakuna kuokolewa na chumvi iliyobaki kwenye sufuria ya jirani.

Lakini sufuria safi itasaidia nini kama mwizi ana ufunguo wa jiko?

Tarehe 11 Novemba 2012 wenye mradi waligundua kwamba mashine zao mbili zimeingiliwa. Mwizi wala hakuvunja mlango! Alitumia ufunguo wa siri wa mtengenezaji mmoja, uliokuwa umevuja. Ikaonekana huenda aliingia tangu Septemba 19.

Patashika! Hawakukuta programu iliyotiwa sumu, lakini wasingeweza kuapa kwamba haipo. Wangeweza kunyamaza, nani angejua? Badala yake, Novemba 17 walitangaza hadharani. Vifurushi walivyokwisha kuandaa kwa ajili ya toleo la 9.1 wakaviondoa, na waliojipakulia vifurushi katika kipindi hicho wakashauriwa wafikirie kuzisafisha mashine zao na kuanza upya. Januari 2014 likatoka toleo la 10.0, likiwa na zana mpya ya vifurushi inayoweza kukagua sahihi ya jiko kabla kifurushi hakijaingia kwako.

Hapo ndipo penye somo, ndugu yangu. Aibu ya siku moja ni nafuu kuliko kuwalisha watu chakula usichoweza kukiapia.

Nawe unayechomeka kila flash unayopewa kijiweni, jiulize: hiyo programu kapika nani? Ukienda kula mishkaki unauliza nyama ya bucha gani. Basi uliza na hapa.

Tukutane wiki ijayo!