Mwezi Ukiandama, Tujihesabu

Ni watu wachache ulimwenguni wanaoujua mwezi kama watu wa visiwani. Mvuvi huutazama kabla ya kutia chombo chake baharini, mkulima wa mwani huuhesabu kabla ya kuteremka pwani, na wazee wetu huutafuta magharibi kwa macho kabla ya kutangaza funga au sikukuu. Mfanyakazi wa Serikali naye, ijapokuwa kalenda yake ni nyengine, huzihesabu siku za mwezi moja baada ya moja mpaka ifike siku ya mshahara. Hata hivyo, pamoja na ustadi wetu wote huo wa kuhesabu, liko jambo moja ambalo aghalabu hatulitii katika hesabu mwezi unapokwisha, nalo ni nafsi zetu wenyewe. Leo tunapenda kuwakumbusha wasomaji wetu jambo hilo, walio mashambani na pwani, na walio nyuma ya meza za ofisi.

Si kweli kwamba watu wetu hawana azma. Azma tunazo nyingi, tena kubwa. Mwaka wa kalenda unapoanza kila mmoja hujiahidi kuacha hili na kuanza lile. Ramadhani inapoingia, azma hizo hufanywa upya. Mwezi wa Julai, wakati wa sherehe za Mwaka Kogwa kule Makunduchi, watu hutakiana heri na kuuaga mwaka wa zamani pamoja na mabaya yake. Kasoro yetu ni kwamba baada ya kujiahidi, hatufungi miadi ya kurudi kuitazama ahadi yenyewe. Ahadi iliyotolewa kwa mwaka mzima ni rahisi kuahirishwa. Mtu hujiambia mwezi wa Februari kuwa muda bado upo, na mwezi wa Oktoba hujiambia kuwa muda umekwisha pita, basi na asubiri mwaka mwengine. Hivyo ndivyo miaka inavyotutoka, na mtu akafikia kustaafu akiwa bado na azma zile zile alizokuwa nazo siku alipoajiriwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka la mtaani analijua hilo kuliko yeyote. Akiwakopesha jirani zake mchele na sukari bila ya kuandika, mwisho wa mwezi atabaki na maneno mdomoni na rafu tupu dukani. Kwa hiyo huweka daftari, na siku ya mshahara huliinua akalisoma jina kwa jina. Sisi ambao majina yetu yamo katika madaftari hayo hatuoni ajabu kuhesabiwa sukari na mwenye duka, lakini hatujawahi kujihesabu wenyewe kwa saa tulizopoteza, ahadi tulizovunja na elimu tuliyoikusudia tusiitafute.

Jambo hili si geni katika mafunzo tuliyorithi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilieleza kwa urefu katika kitabu chake mashuhuri cha Ihya Ulumuddin, akiifananisha nafsi na mshirika wa biashara. Mfanyabiashara mwenye akili kwanza huwekeana masharti na mshirika wake, kisha humwangalia anavyoitumia mali, na baadaye hukaa naye kitako wakapiga hesabu ya faida na hasara. Ghazali alitaka masharti hayo yawekwe asubuhi na hesabu ifanywe jioni. Huo ni utaratibu wa watu wenye himma kubwa. Kwa wengi wetu ambao hatujauzoea, mwezi mmoja ni kipimo cha kuanzia chenye kufaa: ni mrefu kiasi cha kulifanya jambo likaonekana, na ni mfupi kiasi cha kutoruhusu kisingizio.

Bahari yenyewe inatufundisha utaratibu huo. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hufanya kazi yao katika usiku wa giza. Mwezi unapopevuka na mbalamwezi ikatanda, dagaa hawaifuati taa, na vyombo hupumzika ufukoni. Siku hizo mvuvi mwema hazipotezi. Hushona nyavu, huziba chombo, hulipa madeni na hugawana mafungu na wenziwe kwa hesabu iliyo wazi. Kadhalika wakulima wa mwani, wengi wao wakiwa kina mama, wameyapanga maisha yao kwa bamvua tangu kilimo hicho cha biashara kilipoanza Unguja mwaka 1989. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka, na maji yanapokauka mbali ndipo hufungwa mbegu, hukazwa kamba na huvunwa mwani uliotimia baada ya kiasi cha wiki sita. Mkulima aliyeichelea bamvua hii hulazimika kuingoja nyengine. Hakuna barua ya kuomba radhi inayopelekwa baharini.

Basi lengo la mwezi na liwe la namna gani? Kwa maoni yetu, lengo lisiloweza kuhesabiwa ni dua njema tu. Mtu akisema, "Mwezi huu nitakuwa mtu bora," hakuna atakayeweza kumwambia siku ya mwisho kuwa amefaulu au ameshindwa, na yeye mwenyewe hatajua. Lakini akisema kuwa kila siku atasoma kurasa kumi, basi mwezi wa siku 30 ukimalizika atakuwa amesoma kurasa 300, nacho ni kitabu kizima. Akisema kuwa kila siku ataweka kando shilingi 1,000, mwisho wa mwezi atazikuta 30,000, na mwaka ukitimia 365,000. Mzazi anaweza kukusudia kuyatazama madaftari ya skuli ya wanawe kila Ijumaa jioni, na kijana anaweza kukusudia kutolala kabla hajamaliza kazi aliyopewa na mwalimu wake. Haya ni mambo madogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na aliyeshindwa kutimiza dogo kwa mwezi mmoja hana sababu ya kujiahidi kubwa kwa miaka mitano.

Katika kuugawa mwezi, tunaona hapana haja ya kuazima hekima ya mbali. Wazee wetu waliokuwa wakifuata mwaka wa Nairuzi waliugawa mwaka wao kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Miongo 36 ilifanya siku 360, zikaongezwa siku tano kuutimiza mwaka. Kwa hesabu hiyo walijua wakati wa kupanda, wakati wa pepo kubadilika na wakati wa kusafiri. Mwezi mmoja ni miongo mitatu. Mwongo wa kwanza na uwe wa kuanza, maana kuanza ndiko kugumu. Mwongo wa pili na uwe wa kuangalia, kwani hapo ndipo pumbao linapotuingia, na ndipo lengo linapohitaji kurekebishwa ikiwa limetuzidi kimo. Mwongo wa tatu na uwe wa kukaza mwendo, na siku yake ya mwisho iwe ya hesabu.

Hesabu hiyo tunapendekeza iwe na maswali matatu tu, yaandikwe na yajibiwe kwa maandishi. La kwanza, nilikusudia nini? La pili, nimefanya kiasi gani? La tatu, kilichonizuia kilikuwa mikononi mwangu au nje ya mikono yangu? Swali hili la tatu ndilo lenye uzito, na ndilo linalokimbiwa na wengi. Wako watu ambao kila kasoro yao huitupia hali ya hewa, bei ya soko au wakubwa wao wa kazi. Na wako wengine, hasa kina mama wenye mizigo ya nyumba na ya shamba, ambao hujilaumu hata kwa yale wasiyokuwa na uwezo nayo. Wote wawili wamekosea katika hesabu. Mkulima ambaye mwani wake umekufa kwa sababu maji ya bahari yamepata joto hakushindwa kutimiza lengo. Ameshindwa na bahari. Lakini yule ambaye mwani wake umechukuliwa na maji kwa sababu hakukaza kamba zake anajua vyema la kuandika mwezi ujao.

Hapa hatuna budi kutahadharisha mambo mawili. Kwanza, mtu asijitwishe malengo kumi kwa pamoja. Mshika mawili, moja humponyoka. Seuze mshika kumi. Lengo moja la nafsi na moja la kazi yanatosha kwa mwezi. Pili, mtu asiudharau mwezi kwa kuwa haukumletea tunda. Mkarafuu hupandwa leo ukangojwa miaka sita hadi minane kabla ya kutoa karafuu zake za mwanzo. Hakuna mwezi hata mmoja katika miaka hiyo ambao mkulima atachuma kitu, lakini mwezi ambao hakupalilia utaonekana katika mti huo baadaye. Vivyo hivyo anayejifunza ufundi, lugha au kuhifadhi masomo yake asiulize kila mwezi kama ameshakuwa bingwa, bali aulize kama amepalilia.

Tukigeukia upande wa watumishi wa Serikali, tunasema bila ya kificho kwamba wao ndio wenye haja kubwa zaidi ya hesabu hii. Ofisi zina mipango ya kazi na ripoti za robo mwaka, na mambo hayo ni mazuri. Lakini ripoti ya ofisi haimtaji mtu. Inaweza kueleza kuwa idara imetekeleza wajibu wake, ilhali jalada la mwananchi mmoja limelala katika saraka ya ofisa mmoja tangu mwezi wa tatu. Tumfikirie mwananchi anayeondoka Tumbatu au Kojani alfajiri kwa chombo, akalipa nauli ya bahari na ya barabara, akafika mlangoni mwa ofisi na kuambiwa, "Njoo kesho." Maneno hayo mawili humpotezea siku ya kuvua, nauli ya kwenda na kurudi, na imani yake kwa waliopewa dhamana ya kumhudumia. Anayeyasema huyasahau kabla ya chai ya saa nne.

Tunawaomba basi watumishi wetu, wakubwa na wadogo, kila mmoja alifanye hili kuwa lengo lake la mwezi mmoja tu: asiondoke mtu mezani pake kwa "njoo kesho" bila ya kuelezwa sababu na kupewa tarehe. Aweke karatasi ndani ya saraka yake, aandike wangapi amewahudumia siku ile ile, na wangapi amewarudisha na kwa sababu gani. Karatasi hiyo haitaki fungu la bajeti wala kikao, na si lazima aioneshe kwa mkubwa wake. Aisome yeye peke yake mwisho wa mwezi, mlango ukiwa umefungwa. Tunaamini kwamba mtu mwenye staha hatapenda kuisoma mara ya pili ikiwa haikubadilika.

Historia ya nchi yetu inao mfano wa lengo lililowekwa kwa uwazi. Mwishoni mwa mwaka 1970 Rais Julius Nyerere alipolihutubia taifa, alizitaja wilaya chache, zikiwemo za visiwa vya Mafia na Ukerewe, zilizotakiwa kuufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwaka 1971 kumalizika. Lengo hilo lilikuwa na mahali pake, jambo lake na tarehe yake. Baadaye, mwaka 1975, yakafanywa majaribio ya taifa ili kuwapima wanakisomo wamefikia wapi. Lililotupasa kujifunza hapo ni kwamba lengo na kipimo ni ndugu wawili, na kwamba hata kampeni kubwa kama ile mwishowe ilimtegemea mtu mzima mmoja mmoja aliyekubali kukaa chini jioni, baada ya kazi za mchana kutwa, akaandika jina lake mara kumi mpaka likasomeka.

Pamoja na hayo yote, isifahamike kuwa tunawataka wananchi waubebe peke yao mzigo usio wao. Malengo ya mtu binafsi hayawi badala ya wajibu wa Serikali. Mvuvi anaweza kujiwekea akiba, lakini hawezi kujijengea gati. Mama mkulima anaweza kuvuna kwa wakati, lakini hawezi peke yake kulipanga soko. Mwanafunzi anaweza kusoma kurasa kumi kila siku, ikiwa kitabu kipo. Kwa hiyo tunapowahimiza wananchi kujihesabu, tunawahimiza viongozi wao kujihesabu zaidi, maana hasara ya mwananchi aliyezembea humwangukia yeye na watu wa nyumba yake, lakini hasara ya kiongozi aliyezembea huvuka bahari na kuingia katika kila shehia.

Tunamaliza kwa kuwaomba wasomaji wetu jambo lililo jepesi. Mwezi ujao utakapoandama, kila mmoja achukue daftari la kawaida, aandike juu ya ukurasa jina la mwezi, na chini yake lengo moja la nafsi yake na moja la kazi yake. Ikiwezekana, amtaje mtu mmoja anayemwamini, mume au mke, rafiki au jirani, awe shahidi wake. Siku ya mwisho walifungue pamoja. Ikiwa lengo limetimia, amshukuru Mungu na aandike jengine. Ikiwa halikutimia, aandike sababu yake ya kweli, kisha alirudie. Ahadi ni deni, na deni la mtu kwa nafsi yake nalo lina siku yake ya kulipwa.