Vipepeo wa Bamba la Shaba na Vipepeo wa Upare

Katika karne ya kumi na nane, zama ambazo kamera ilikuwa haijabuniwa, mtu wa Ulaya aliyetaka kumjua kipepeo wa nchi za joto mara nyingi alimtazama katika kitabu, na kitabu chenyewe kilikuwa kazi ya mikono tangu mwanzo hata mwisho. Mchongaji alinakshi mishipa ya mbawa na vinyweleo vya mwili juu ya bamba la shaba. Bamba likapakwa wino, likafutwa mpaka wino ukasalia ndani ya mifuo tu, likakandamizwa juu ya karatasi yenye unyevu. Kisha kila karatasi ikaenda kwa mpaka rangi, aliyeketi mbele ya kielelezo na kukifuatisha kwa brashi na rangi za maji, nakala baada ya nakala. Pieter Cramer wa Amsterdam alianza kitabu cha namna hiyo mwaka 1775, akafariki mwaka uliofuata, na Caspar Stoll akakikamilisha mwaka 1782, kikiwa na kurasa 400 za picha. Sijui kazi ya ilmu iliyofanywa kwa uzuri kupita hiyo. Lakini anayeitumia na awe na hadhari, kwa kuwa nakala mbili za kitabu kimoja hazilingani rangi, na weupe uliopakwa kwa rangi ya risasi huweza kusawijika kwa hewa chafu ya miji, hata doa lililokuwa jeupe likaonekana leo jeusi.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, halikutoka kwenye brashi. Mwaka 1776 Peter Brown alitoa mjini London kitabu chake cha picha za viumbe, na humo akatokea kipepeo wa Afrika aliyepewa jina Papilio dardanus: dume mwenye mbawa za manjano hafifu, kingo nyeusi, na mkia katika kila ubawa wa nyuma. Baadaye wakaingia katika makabati ya Ulaya vipepeo wengine wa Afrika wasio na mikia, wala wasiofanana naye kwa lolote. Stoll akamwita mmoja cenea mwaka 1790, Fabricius akamwita wa pili hippocoon mwaka 1793, na Westwood akamwita wa tatu, mwenye rangi ya machungwa, trophonius mwaka 1842. Kila mmoja akahesabiwa kuwa aina ya peke yake, ilhali wote walikuwa majike wa dume yule yule.

Aliyelitambua kosa hilo ni Roland Trimen wa Cape Town. Katika makala iliyochapishwa mwaka 1869 alishikilia kwamba dume ana sura moja, bali majike wamegawanyika sura kadha, na kila sura humwiga kipepeo mwingine mwenye sumu ambaye ndege humwepuka: hippocoon humwiga Amauris niavius, mweusi kwa mweupe, trophonius humwiga Danaus chrysippus. William Hewitson, mchoraji hodari wa vipepeo, aliyapinga madai hayo waziwazi. Ithibati ikaja mwaka 1874, Mansel Weale alipoeleza habari za viwavi aliowalea hata wakawa vipepeo, madume wenye mikia na majike wasio nayo. Katika karne ya ishirini Cyril Clarke na Philip Sheppard wa Liverpool, kwa kuwazalisha vipepeo hao kizazi baada ya kizazi, walionyesha kwamba sura hizo zote hutawaliwa na mahali pamoja tu katika urithi.

Upare, kaskazini mwa Tanzania, nao umo katika historia ya vitabu hivi. Mwaka 1861 na 1862 Baroni Carl Claus von der Decken, akielekea Kilimanjaro, alifika Ziwa Jipe chini ya milima ya Ugweno, na wadudu wa safari zake wakapelekwa Berlin, ambako Gerstaecker aliwaeleza na kuwatolea kitabu chenye picha mwaka 1873. Miongoni mwa majina aliyoyatoa mwaka 1871 ni la Colotis hetaera, wa jamii ya vipepeo wadogo wapendao nchi kavu ya migunga kama tambarare za Same, ambaye dume wake ni mweupe na ncha za mbawa zake ni za urujuani. Mpaka rangi huweza kuchanganya nyekundu na buluu akaupata urujuani, lakini ule wa ubawa humeremeta na kufifia kadiri unavyougeuza juani, kwa sababu sehemu yake hutokana na umbo la vigamba vinavyorudisha mwanga.

Anayepanda kutoka joto la Same hata misitu ya Chome, chini ya kilele cha Shengena kinachozidi mita 2,400, na akamwona kivulini kipepeo mweusi kwa mweupe akielea polepole, asiharakishe kumtaja. Na amngoje atage. Amauris hutafuta mimea itambaayo yenye utomvu. Jike wa dardanus hutua juu ya jani la mti wa jamii ya mlimau, akalipigapiga kwa miguu ya mbele, akaacha yai moja, akaondoka.